Mwongozo wa Helsinki Ulioandikwa Kiirua

Timau,
Jumatano jioni.

Kwa dada yangu mpendwa Gatwiri,

Najua barua njema hutanguliza salamu, na mwalimu wetu wa Kiswahili angenichora wino mwekundu hapa. Lakini naogopa nikianza na salamu nitasalimia hadi karatasi iishe. Kwa hivyo nasema kwanza: kile kitabu kidogo cha buluu ulicho nacho mkobani, cha kumwelekeza mgeni wa Helsinki, kile ulichotusomea kwa simu ya shemeji huku ukicheka kwa furaha, mimi ndiye niliyekiandika. Baba hajui. Mama hajui. Hata Mungu nimemwambia kwa kuzungukazunguka tu. Sijawahi kufika Helsinki, dada. Sijawahi kupita Nanyuki.

Sasa nakusalimu. U hali gani? Shemeji Ndwiga hajambo? Kikohozi cha Munene kimepungua, au bado kinamwamsha? Sisi huku tu wazima kiasi. Baridi ya Julai imekuja na mikono miwili mwaka huu, asubuhi mlima hauonekani na nguo zilizoanikwa hulala mbichi. Baba mgongo wake ni ule ule. Mama bado anakwenda shamba la maua, na akirudi huwa anataja jina lako kabla hajavua viatu.

Barua hii anakuletea Gitobu, jirani yetu anayepeleka karoti soko la Embu. Nimemwambia ni mambo ya wanawake, ili aone haya kuuliza. Nimemsihi afike mpaka mtaani kwenu Dallas, hapo Embu, akukabidhi mkononi, asimwachie jirani wala shemeji. Wajua mimi na simu. Mtu akipokea, maneno hunikimbia kama vifaranga walioona mwewe, nabaki kuuliza habari za mvua. Simu yako ulisema ofisi imeichukua ili iwekwe laini ya ng'ambo, na nikipiga ya shemeji atapokea yeye, nami nitamwambia huku kuna baridi kisha nikate. Karatasi hainitazami usoni. Tafadhali isome ukiwa peke yako, na uisome yote.

Wakumbuka matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Kiswahili pekee ndicho kilichonipa uso. Mengine yalikuwa ya kunyamazia. Asubuhi moja baba akavaa koti lake la kanisani, akaniambia nichane nywele, tukaenda Kiirua kwa Bwana Kaimenyi. Wewe ulikuwa umeshaolewa huko Embu, kwa hivyo humjui vizuri. Ni yule aliyekuwa akiuza mbegu na dawa za mifugo, halafu akafungua ofisi ya kupeleka watu kazi za ng'ambo, ghorofani juu ya duka lake. Ni mtu mpole, hukaribisha kila mtu chai, na akicheka mabega hucheka naye.

Baba hakumbembeleza. Alimtajia ukoo wetu tu, na Bwana Kaimenyi akaweka kikombe chini. Akasema, sasa mzee umenifunga kamba. Ungekuwa mtu mwingine ningekwambia urudi mwezi ujao, na mwezi ujao ningekwambia vivyo hivyo. Ukoo wake na wetu ni gichiaro, undugu wa kiapo wa tangu enzi za mababu. Baba ni mzee wa kanisa na husema hayo ni mambo ya kale, lakini hujasahau siku yule mtu wa gichiaro alipokuja kuomba ndama wetu mweupe. Baba alimfungua ndama kabla chai haijamiminwa, na mama akalia jikoni. Mtu wa gichiaro akikuomba, humnyimi. Akikuuliza, humdanganyi. Anayevunja, wanasema balaa haliishii kwake, huingia mpaka kwa watoto wa nyumba. Nilipokuwa mdogo niliogopa gichiaro kuliko chui.

Basi nikapata kazi. Mwanzoni ilikuwa kupiga chapa na kupika chai. Kisha siku moja Bwana Kaimenyi akaniita, akasema amepata kazi za hoteli na za kutunza wazee katika mji mkuu wa Ufini, na anataka kitabu cha kumpa kila msafiri. Akasema watu wetu wakisoma Kiingereza huamini nusu, lakini Kiswahili changu kitafika mpaka kwa nyanya aliyekaa jikoni. Jina langu lisitokee. Juu ya jalada tungeandika kwamba mwandishi ni mkaaji wa miaka mingi wa Helsinki. Niliona vibaya kidogo, lakini pia nilifurahi, maana sipendi jina langu kuonekana mahali.

Nilisoma kwenye kompyuta hadi macho yakawasha. Niliandika kwamba mji umekaa kando ya bahari inayoganda, kwamba kanisa lake kubwa ni jeupe lenye makuba ya kijani, nalo limewekwa juu ya ngazi nyingi hata mgeni hulifikia akihema. Niliandika habari za soko la bandarini na supu ya samaki, na treni ndogo zinazopita katikati ya barabara, na jua la Desemba linalochungulia baada ya saa tatu asubuhi, na ifikapo saa tisa mchana limekwisha kuaga. Baridi sikuhitaji kuisoma. Niliandika jinsi umande unavyoganda juu ya ngano hapa kwetu, ukikanyaga unasikia kama umekanyaga glasi, kisha nikaizidisha. Nakwambia ukweli, dada, sijawahi kuwa na raha kama ile. Nilitembea mji mzima bila mtu kuniuliza mbona sisemi.

Bwana Kaimenyi alikuwa akisoma kila ukurasa, na kila mara aliongeza jambo lake kwa kalamu. Nilikuwa nimeandika kwamba watu wa huko hawapendi kuzungumza na mtu wasiyemjua, jambo ambalo ni kweli nami lilinipendeza sana. Yeye akaongeza kwamba kwa sababu hiyo mgeni asiseme na abiria wenzake, wala asimwulize askari wa uwanja wa ndege swali lolote. Nilipoandika kwamba baridi huchosha betri ya simu, akaongeza kwamba watu wa nyumbani wasishtuke wakikosa kupigiwa, wangoje ujumbe wa maandishi. Nilipoandika kwamba majira ya baridi giza hutawala, akaongeza kwamba picha hazitoki vizuri, kwa hivyo zisitarajiwe. Hati ya kusafiria, akasema, mgeni ampe mwenyeji wake aitunze, isije ikalowa theluji. Nilipiga chapa yote. Nilidhani ni mtu mwenye uangalifu.

Mwishoni akanirudishia akasema kitabu ni kizuri lakini ni baridi kuliko mji wenyewe. Nitie kitu ambacho mama wa Meru akikisoma hatalia. Nikatafuta, sikupata. Basi nikabuni. Niliandika kwamba karibu na stesheni kubwa hukaa mama mmoja mzee mwenye jiko la makaa, huchoma viazi, humpa mgeni kiazi cha moto akishike kwanza kwa mikono miwili kabla ya kukila, na humwita kila kijana mwanangu. Mama huyo hayupo, Gatwiri. Nilimtoa hapa Kiirua, kwa wale wanaochoma viazi kando ya barabara. Ulipotusomea ukurasa ule kwa simu, mama alifuta macho akasema afadhali mji wenye mtu kama huyo. Mimi nilitoka nje nikajifanya nafunga mbuzi.

Kuna jambo lingine nililoliona na sikulielewa. Kila aliyekuja kuomba safari, Bwana Kaimenyi alimwuliza ukoo kabla ya kumwuliza jina. Nilidhani ni desturi ya wazee. Siku moja akaja kijana anaitwa Mbaka, mrefu, mchangamfu, na vyeti vyake vyote safi ndani ya bahasha. Alipotaja ukoo, nikasikia ni wetu. Bwana Kaimenyi akakunja bahasha akamrudishia. Akamwambia arudi nyumbani akalime. Mbaka akadhani ni mzaha, akasema mzee, nimelima tangu nizaliwe na viazi vyenyewe vimenichoka. Bwana Kaimenyi hakucheka. Akasema wewe siwezi kukupeleka, na usirudi hapa. Mbaka akashuka ngazi akipiga kelele duka zima lisikie, kwamba ofisi gani hii inayochagua watu kama dume la mbegu. Nilimhurumia. Nilifikiri amenyimwa bahati.

Antony wa Celina ndiye aliyepita. Unamkumbuka Celina, yule mjane tunayepakana naye upande wa mto, anayeimba kwa sauti ya juu hata wimbo wa mazishi unakuwa wa harusi. Mwanawe Antony aliondoka baada ya Pasaka pamoja na wenzake, na kanisa zima likawaombea, tukawawekea mikono. Mimi pia niliweka mkono, dada. Wiki nyingi zikapita kimya, na Celina hakuhofu, maana kitabu kilimwambia asihofu.

Kisha Jumapili moja mwezi uliopita akasimama wakati wa ushuhuda, simu imeinuliwa juu kama Biblia. Akasema Bwana asifiwe, mwanangu ameandika. Akasoma polepole. Antony alikuwa mzima, kazi ni nzuri, mji ni mweupe, kanisa lina makuba ya kijani. Halafu akasoma kwamba kila asubuhi hupita stesheni kwa yule mama wa viazi, na mama yule humwita mwanangu, na humpa kiazi akishike kwa mikono miwili. Watu wakapiga makofi. Mwanamke nyuma yangu akasema Mungu ana watu wake kila pembe. Celina akalia, akacheka, akacheza hatua mbili palepale mbele ya madhabahu.

Mimi nilikaa. Nilijaribu kujiambia kwamba pengine kweli yuko mama kama huyo, kwamba Mungu aliniongoza nikaandika nisichokijua. Lakini hata maneno yalikuwa yangu. Antony hakuwahi kuandika sentensi ndefu maishani mwake. Tulisoma pamoja darasa la nane, najua.

Tangu siku ile Celina amekuwa akifuma shali. Ni ya rangi ya udhurungi, nzito, ya sufu ya kondoo. Anamfumia mama wa viazi. Aliponiletea wiki jana aliniambia kwamba kwa kuwa dada yangu anasafiri, nimpelekee, naye akifika stesheni amfunike yule mama mabega na kumwambia ni asante kutoka kwa mama yake Antony. Nilishika shali ile nikasema ndiyo.

Maana habari zako tulikuwa tumekwisha kuzipata. Ulipomwambia baba kwamba umepata kazi kupitia ofisi ya Embu, jina la ofisi lilikuwa jingine kabisa, na sote tukamshukuru Mungu. Ulituambia jinsi ulivyochoka kuosha sakafu za ofisi za watu, na jinsi wewe na shemeji mlivyokubaliana kwamba Munene akae na mama mkwe mwaka mmoja tu. Nilikuwa nimeinama nakoleza moto. Kisha ukaanza kutusomea kitabu, na neno la kwanza tu nikalijua kama mtu anavyoijua sauti yake mwenyewe.

Hata hapo sikusema. Nilijipa moyo kwamba pengine kitabu kimeuzwa, kinatumika na watu wengine walio wema. Jumatatu hii nikakuandikia kwa ile namba yako, nikauliza kikohozi cha Munene. Jibu lilikuja upesi. Liliniambia nisiwe na wasiwasi, Munene ni mzima na yuko nje anacheza mpira na wenzake.

Dada, Munene hajaanza kusimama. Aliyenijibu si wewe, na si mtu aliyewahi kumwona mtoto wako. Wewe bado uko Embu, hujapanda hata gari, na tayari kuna mtu anayesema kwa jina lako.

Jana nilikwenda kazini mapema kabla watu hawajafika. Bwana Kaimenyi alikuwa peke yake akipuliza chai. Nilisimama mbele ya meza yake, nikashika kiti. Wewe wanijua, mtu ambaye dukani huomba chumvi mara tatu kabla hajasikika. Nilitaja ukoo wetu kama baba alivyoutaja. Kisha nikamwuliza, kwa gichiaro, watu wale aliowapeleka Helsinki wako wapi.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliinuka akafunga dirisha, akakaa tena, akaniambia, kwa Kimeru, kwamba hajawahi kuulizwa hivyo na mtoto, na kwamba nirudishe swali langu. Nikasema siwezi kulirudisha. Akasukuma kikombe kando.

Akasema Helsinki hawajafika. Hata mmoja. Yeye huwafikisha uwanja wa ndege wa Nairobi tu, na huko hupokewa na watu ambao yeye hajui majina yao yote. Ndege yao huelekea kwingine, nchi ya joto, kando ya mto, mahali penye majumba yenye ukuta na walinzi juu yake. Huko huketishwa mbele ya kompyuta, wakiambiwa wawaandikie watu wasiowajua maneno ya mapenzi na ya biashara, hadi watu hao watoe walicho nacho. Anayekataa... hapo hakumaliza, alisugua meza kwa kidole. Ujumbe unaokuja nyumbani huandikwa na mtu wa huko aliyepewa kitabu changu na kuambiwa achague humo. Ndiyo maana alitaka kiwe na uzuri. Nilikuwa nikidhani nawaandikia wasafiri, kumbe nilikuwa nawaandikia akina Celina.

Nikamwuliza kama Antony yu hai. Akasema alikuwa hai mwezi wa Mei.

Nikaelewa basi kwa nini Mbaka alirudishwa, na kwa nini kila mtu aliulizwa ukoo. Mtu huyu anaweza kumfanyia mwana wa Celina hivyo na akalala, lakini mtu wa gichiaro hathubutu kumgusa. Nikamwambia kwamba dada yangu ni Gatwiri, mke wa Ndwiga, wa ofisi ya Embu, na gari lake ni Jumatatu ijayo alfajiri. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Akauliza kwa nini kwenye fomu hukuandika kwenu ulikozaliwa. Nikamwambia Embu hawaulizi ukoo, uliandika nyumbani kwa mumeo kama mke yeyote. Uso wake ukawa wa majivu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba yeye pia anaogopa, si mimi, bali walio juu yake.

Nilidhani atasema neno moja na jina lako lifutwe. Akasema hawezi. Watu wa Embu si wake, yeye ndiye mtu wao. Jina limekwisha kupelekwa, hati yako wanayo wao, na akiuliza juu ya mtu mmoja watataka kujua kwa nini. Akaniambia wewe usigombane nao wala usidai chochote. Usipatikane tu. Gari litakuja Dallas kungali giza, na ndani yake atakuwamo mwanamke anayeitwa Lydiah, mwenye kicheko kizuri, amembebea Munene zawadi. Hatakuvuta mkono. Atakaa kwako kwenye kiti, atalia, atasema kwamba wenzako wote watakosa nafasi kwa sababu yako, na shemeji ataingiwa na huruma, na wewe pia, kwa kuwa una moyo mwepesi. Akasema hajaona mtu aliyemkatalia Lydiah akiwa ameketi naye.

Kisha akaniomba. Aliniomba kwa gichiaro, dada, vile vile nilivyomwuliza. Aliyoniambia yasitoke mdomoni mwangu hata siku moja. Akasema nikwambie nimeota ndoto mbaya, watu wetu huheshimu ndoto. Na nisiache kazi, nije kila siku nikae kwenye kompyuta kama kawaida, maana kiti changu kikiwa kitupu mtu atauliza. Wiki mbili zilizopita alikuwa ameniagiza nianze mwongozo wa mji mwingine mkuu, ulio kaskazini zaidi hata ya ule. Akasema niendelee nao, lakini nisiharakishe. Nikaitikia. Humnyimi mtu wa gichiaro.

Jana jioni nilikuandikia barua ya ndoto. Niliota mto mweupe, niliandika, na wewe u ng'ambo unaniita bila sauti. Nikaisoma, nikakuona ukicheka. Siku za harusi yako nilipokwambia nimeota mvua ya mawe, ulisema niache kula githeri usiku. Hungeacha safari uliyoililia kwa ajili ya ndoto yangu. Nikaitia motoni, nikachukua karatasi hii.

Sasa nisikilize kama vile mimi ndiye mkubwa. Jumapili mkitoka kanisani usirudi Dallas. Mchukue Munene moja kwa moja uende Runyenjes kwa shangazi Kiende, na ukae ndani. Shemeji mwambie ukishafika huko, si kabla, kwa sababu uso wake hauwezi kuficha kitu. Ataghadhabika kwanza, mwache. Yule mchungaji wenu uliniambia ana rafiki Nairobi anayewatafuta watu waliopotelea ng'ambo. Mpe jina la Antony na majina ya wengine nitakayokutumia kwa mkono wa Gitobu, na mwambie ni nchi ya joto, kando ya mto, penye ukuta. Wenzako wa safari hiyo wafikie mmoja mmoja kabla ya Jumatatu. Kwao waweza kutumia ndoto ukitaka. Wewe watu wanakuamini.

Shali ya Celina imo katika mfuko aliobeba Gitobu, sikupata njia ya kuikataa. Iweke. Isirudi huku kabla sijapata namna ya kumwambia. Ni mimi nitakayemwambia, hilo silihamishi kwa mtu. Kila asubuhi nampita akiwa kwenye kizingiti anafuma soksi sasa, ananipungia mkono, nami nampungia.

Msalimie shemeji Ndwiga ukikutana na uso wake mzuri, na umbusu Munene kwenye utosi. Baba na mama wanakusalimu sana, wanadhani nakuandikia kukuaga.

Nina ombi moja, nalo ni zito. Usimwambie mtu kwamba haya umeyapata kwangu. Si shemeji, si mchungaji, si baba hata akikushika mkono na kukuuliza kwa upole. Baba akijua nimevunja gichiaro hatanigombeza. Atachukua kondoo aende kwa wazee niondolewe balaa, na mbele ya wazee jambo husemwa lote bila kuacha, na Bwana Kaimenyi atakuwa ameitwa, amekaa pale anasikia, na kufikia jioni walio juu yake watajua ni nani aliyekufungulia mlango na ni wapi ulipokwenda. Basi niache nilibebe hivi hivi. Ukisikia naumwa, au jambo lolote limenipata huku, uliza hali kama dada yeyote anavyouliza, lia kama utalia, lakini sababu usiitaje. Uichome barua hii. Nyamaza, Gatwiri, nakuomba.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Kananu